Risiti kwa Afande

Binti wa dirisha la tatu aliuliza namba ya kitambulisho mara mbili, akaiandika mara mbili, kisha akageuza kioo cha kompyuta ili Semu ajionee mwenyewe. Semu hakuona kitu, maana miwani yake ya kushonea ilikuwa imebaki Bwera. Mkewe Alisi ndiye aliyeinama akasoma. Mchango wa mwisho ulikuwa umeingia miezi ishirini na miwili iliyopita. Kuanzia hapo safu zilikuwa tupu mpaka chini.

Binti huyo aliitwa Lillian, jina lilikuwa limebandikwa kifuani, na hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa sauti. Aliwapazia wazee sauti kama vile uzee wote unaanzia masikioni, na foleni nzima ya ofisi ile ya Kasese ikapata habari za Semu bila kulipa. Kwamba mzee ni polisi mstaafu. Kwamba ana cherehani yake, na kwa kuwa hana tena mwajiri amejiunga na mfuko wa uzeeni kwa hiari, elfu hamsini kila mwezi. Kwamba amefika miaka sitini na anaruhusiwa kuchukua akiba yake yote. Na kwamba yote hiyo, pamoja na riba, ni milioni mbili na laki mbili na arobaini elfu.

Semu na Alisi walikuwa wametoka nyumbani wakitarajia zaidi ya milioni tatu. Si kwa tamaa. Mwenye nyumba yao pale Bwera alikuwa ameshawaambia kwamba mwisho wa mwezi anavunja vyumba ajenge maduka. Kule Nyakiyumbu mjane mmoja, Rusi, alikuwa anauza kiwanja kidogo chenye vyumba viwili vya udongo na bati ambalo bado halijatoboka. Alitaka milioni tatu na laki mbili, zote kwa pamoja, na alikuwa amewapa mpaka Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Lillian aliuliza ni nani anayemwekea mzee pesa.

"Naweka mwenyewe," Semu alisema.

Alisi aligeuka akamtazama. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja, wamelala kwenye mabanda ya polisi ya wilaya nne, na hajawahi kumsikia akidanganya haraka namna ile. Semu alimshukuru binti, akasema labda ni kompyuta, akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati. Alitoka nje mbele ya mkewe bila kumngoja, jambo ambalo nalo halikuwa kawaida yake.

Pesa hazikuwa zikiwekwa na Semu. Zilikuwa zikiwekwa na afande Benon.

Polisi akistaafu hurudisha kofia, mkanda, buti na filimbi, na kila kimoja hutiwa sahihi. Hofu ya mkubwa wake hakuna anayemwomba airudishe, kwa hiyo huenda nayo nyumbani. Benon alikuwa inspekta wao kambini Kasese. Alipostaafu alijenga Kinyamaseke, na vijana wake wa zamani sita, ambao sasa walikuwa wazee wa Bwera, Karambi na Nyakiyumbu, waliendelea kwenda kwake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wazo la mfuko lilikuwa lake. Aliwaambia pensheni pekee itawaua njaa, kila mmoja ana kakazi kake, basi kila mmoja ajiwekee. Aliwaambia pia kwamba kutuma kwa simu kunakatwa ada, na kwamba yeye huenda Kasese mara kwa mara kwa mambo yake. Atawabebea wote.

Mwanzoni alikuwa akiwaletea vikaratasi vya benki. Baadaye alisema ameviweka kwenye faili. Hakuna aliyeuliza faili iko wapi. Kumwomba mkubwa risiti ni kumwambia kwamba unamhesabu kuwa mwizi, na kati ya wazee wale sita hapakuwa na hata mmoja mwenye ulimi wa kusema hivyo. Makosa ya namna hii mwenye duka hayafanyi, wala mkulima. Hufanywa na watu waliofundishwa kuitika kabla ya kufikiri.

Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Kasese, Alisi aliagiza chai moja wagawane. Alingoja mpaka Semu akaishusha karatasi mezani.

"Kwa nini umeambia yule mutoto ni wewe unaweka?"

"Ningesema nini? Afande asikie jina yake kwa ofisi?"

"Pesa imepotea miezi ishirini na mbili, wewe unalinda jina."

"Haijapotea. Afande hawezi."

Alisi aliivuta karatasi ile akaitazama tena. Nusu ya ile elfu hamsini ilikuwa yake. Semu alishona yunifomu za shule na yeye akatia vifungo, akapiga pindo kwa mkono, akatoboa matundu, mpaka kidole cha shahada kikaota sugu. Alikuwa akijua kila mwezi ni vifungo vingapi vimeingia kwenye bahasha ile. Alikunywa nusu yake ya chai akamsogezea Semu kikombe.

*

Ijumaa asubuhi mwanamke mmoja alikuja barazani Bwera na kitenge cha kushonwa. Anastasie alikuwa Mkongo, alikuwa akiuza samaki wa chumvi soko la Mpondwe, na alikuwa na haya ya mtu anayeleta habari mbaya pamoja na kazi. Alingoja Semu amalize kumpima mabega. Kisha akaketi upande wa Alisi, akaanza kumsaidia kutenganisha vifungo vyeupe na vya buluu kama aliyeajiriwa.

"Mama, mie siko mutu mubaya," alisema. "Rusi ameniambia, kama bo bazee banakosa franga ku lundi, siku ya Jumatatu, nyumba inakuwa yangu. Nimeona heri nikuambie mie mwenyewe. Niko na batoto sita. Kule kwetu hakuna tena fasi ya kulala."

Alisi alitafuta hasira akaikosa. Alimuuliza watoto wana umri gani. Mkubwa kumi na nne, mdogo bado ananyonya, wote walikuwa wakilala kwenye stoo ya samaki. Walipoagana walishikana mikono vizuri, na Anastasie alilipia mshono wote kabla haujaanza, jambo ambalo wateja wa Semu hawakuwa na mazoea nalo. Kumbe adui naye anaweza kuwa mtu wa heshima, na hapo ndipo kazi ya kumchukia inapokuwa ngumu.

Jioni Alisi alisema kesho wanakwenda wote Kinyamaseke. Semu alimjibu kwamba wake za watu hawaendi kwenye paredi, yaani ule mkutano wa Jumamosi kwa afande. Alisi akasema yeye haendi paredi, anakwenda jikoni kumsalimia Kemigisha, mke wa afande, aliyemsaidia kujifungua binti yao Night wakiwa kambini. Kisha akamwekea masharti. Elfu hamsini ya mwezi huu ataibeba Semu, lakini hataitoa mpaka ameona vile vikaratasi.

"Utauliza?"

"Nitauliza."

"Mbele ya watu?"

"Mama Night, nimesema nitauliza."

Na alikuwa na nia kweli. Usiku ule aliyapanga maneno kichwani, ya heshima, yasiyo na mwiba, akayarudia mpaka yakawa laini. Afande, samahani, kwa ofisi wamesema wanataka kuona karatasi. Lawama yote ingebebwa na ofisi, na afande angebaki safi. Semu alijiona amepata njia, akalala.

*

Ua wa Benon ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Meza ilikuwa nje, na juu yake daftari, kalamu na saa ya mkononi iliyovuliwa. Benon mwenyewe alikuwa amekaa wima nyuma yake, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alikuwa amekonda tangu mwezi uliopita, lakini wazee wale walikuwa wakimtazama kuanzia mabegani kwenda juu, huko ambako zamani kulikuwa na nyota, kwa hiyo kukonda kwake hakukuwahusu.

Walijipanga. Hakuna aliyewaambia, miguu yenyewe ilikuwa ikijua. Mbele alikuwa Bwambale wa Karambi, aliyefuga nyuki siku hizi, nyuma yake mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu, kisha Semu. Kila aliyefika mezani alikaza mwili, akataja jina, akaweka noti. Benon aliandika, akauliza habari za afya, akasema "endelea", na aliyeambiwa akaenda kusimama kando. Noti zilibaki mezani chini ya ile saa mpaka wote watakapokwisha.

Jikoni, Alisi alimkuta Kemigisha amechutama mbele ya sufuria ya majani ya muhogo. Alipofunua ili apishe mvuke, Alisi aliona hakuna mafuta, hakuna njugu, na kwa namna Kemigisha alivyoonja na kukunja uso akajua hata chumvi haimo. Chai aliyopewa ilikuwa ya maji na majani. Nyumba ya inspekta. Alisi alitazama ukutani ambako zamani kulikuwa na kabati la vyombo, akaona alama yake tu kwenye rangi.

Aliuliza moja kwa moja, kwa sauti ndogo, afande anaumwa nini.

Kemigisha hakujifanya. Huenda alikuwa amengoja muda mrefu mtu wa kumuuliza. Alisema pensheni ya mumewe ilikatika mwaka juzi. Waliitwa wastaafu wote kwenda kuhakikiwa kwamba wako hai, na yeye wiki ile alikuwa amelazwa kwa presha. Tangu hapo faili inatafutwa. Amekwenda Kampala mara tatu, mara ya tatu kwa nauli ya kuuza kitanda.

"Na pesa ya watu?" Alisi aliuliza.

Kemigisha alirudisha kifuniko juu ya sufuria.

"Tulikula," alisema. "Yeye anasema ikitoka yote atalipa. Ameandika yote kwa kitabu, hata shilingi moja hajaacha. Lakini tulikula, Alisi. Usiambie watu. Atakufa."

Alisi alimwonea huruma, na haikuwa huruma ya mdomoni. Huyu mwanamke alimshika mkono usiku mzima Night alipokuwa akizaliwa, mvua ikinyesha, gari la kambi limeharibika. Lakini huruma haikumpunguzia siku moja kati ya mbili zilizobaki kufika Jumatatu, na nje kulikuwa na wanaume watano wengine waliokuwa wakiendelea kuweka noti juu ya meza ile, kila mmoja na uzee wake unaomngoja. Aliweka kikombe chini akaenda mpaka mlangoni. Hakwenda zaidi ya hapo. Alitaka kumpa Semu nafasi yake.

Semu alikuwa mezani. Maneno yake laini alikuwa nayo, yote, kwa mpangilio. Benon aliinua kichwa.

"Semu. Afya?"

"Nzuri, afande."

"Kazi?"

"Inaenda, afande."

Mkono wa Semu uliingia mfukoni ukatoka na ile elfu hamsini, ukaiweka pamoja na nyingine. Benon akaandika. Semu hakuondoka. Alibaki pale kwa muda ambao kwa mtu mwingine usingekuwa kitu, lakini kwa watu wale ulikuwa mrefu, na Bwambale kule kando akageuza shingo.

"Kuna kitu?" Benon aliuliza.

"Hapana, afande."

Alisi alisikia. Alivuka ua akipita juu ya mistari ya ufagio, akasimama pembeni ya meza, mahali ambapo mke wa mtu hajawahi kusimama siku kama ile.

"Afande Benon," alisema, "mimi naomba risiti. Ya Semu. Ya miezi ishirini na mbili. Kwa ofisi Kasese wanasema hakuna kitu imeingia."

Hakupaza sauti. Alisi hakuwa na sauti ya kupaza, na alikuwa bado na ladha ya ile chai mdomoni. Wanaume wote waliangalia chini. Benon alifunga daftari polepole, akaiweka kalamu juu yake, akainyoosha kalamu ili ilingane na ukingo wa daftari. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mtu angeweza kumwokoa wakati ule, au yeye angeweza kujiokoa kwa kusema neno moja tu, tulikula. Lakini kwa miaka arobaini alikuwa amejifunza njia moja tu ya kutoka kwenye aibu, nayo ni kutoa amri.

"Sajenti Semu," alisema. "Toa bibi yako hapa."

Na Semu akamtoa. Alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa ule mshiko aliokuwa akiwashikia watu kazini, akamgeuza, akatembea naye mpaka langoni. Alisi hakuvutana. Aligeuza uso mara moja tu, si kumtazama Benon, bali kumtazama mumewe aone kama na yeye atamtazama. Semu alikuwa akitazama mbele.

*

Walikuwa wameshatembea mpaka barabara kubwa pale Bwambale alipowafikia juu ya bodaboda. Alishuka, akamwambia dereva angoje. Alikuwa akihema kama ni yeye aliyeibeba pikipiki.

Alisema walipotoka tu, wote walibaki wakitazama meza. Kisha yeye, Bwambale, alisogea mezani akainua ile saa, akachukua elfu hamsini yake. Hakusema neno kwa afande, hangeweza. Alipofanya hivyo mwenye kibanda cha simu naye akachukua yake, na wengine nao hawakuweka tena. Afande hakuwazuia. Aliangalia tu. Hakuna aliyepiga saluti wakati wa kuondoka.

"Yako iko pale kwa meza," Bwambale alimwambia Semu. "Elfu hamsini yako peke yake. Rudi sasa hivi, panda hii pikipiki. Mimi nitakaa na mama hapa."

Semu alitazama barabara ya kurudi. Haikuwa mbali. Lango lilikuwa likionekana, na mtu alikuwa amesimama pale, huenda Kemigisha.

"Siwezi kurudi sasa," alisema. "Nitaonekana namna gani?"

Bwambale alimtazama Alisi kwa kuomba msamaha, kana kwamba maneno yale yalikuwa yametoka kinywani mwake yeye, akapanda pikipiki yake akaenda. Alisi alianza tena kutembea.

*

Jumatatu mchana Rusi alipiga simu kuuliza. Alisi ndiye aliyepokea, na ndiye aliyemwambia ampe Anastasie. Alimtaka pia ahakikishe yule mama anaandikiwa karatasi ya mauzo, yenye sahihi ya mwenyekiti na mashahidi, na kwamba anabaki na nakala. Rusi alicheka akasema mbona unamtetea aliyekuchukulia nyumba. Alisi alimtakia mchana mwema.

Kisha akatandika shuka kitandani, akaanza kuweka nguo zake juu yake. Semu alikuwa barazani kwenye cherehani. Alisikia kabati linafunguliwa na kufungwa, akangoja lifungwe mara ya mwisho, halikufungwa. Akaja mlangoni.

Alisi alimweleza bila kuacha kukunja. Kaka yake kule Karambi ana chumba kimoja kisicho na mtu, chembamba, kinatosha kitanda kidogo. Ile milioni mbili na zaidi Semu aende akaichukue Kasese, apange chumba mahali, na nusu amtumie yeye, kwa sababu ni ya vifungo vyake. Atume kwa simu. Ada akatwe yeye.

Semu alisema chumba cha watu wawili kinaweza kupatikana hapa hapa Bwera, nyuma ya soko, kwa bei ndogo. Alisema ameshauliza.

"Nyumba si kitu," Alisi alisema. "Na wewe mimi ningekaa hata kwa stoo ya samaki. Lakini juzi umenishika kama mwizi."

"Aliniamuru."

"Najua. Nilisikia."

Semu alitaka kusema kwamba Alisi hajui afande ana shida gani, kwamba lazima iko sababu, kwamba mtu kama yule hali pesa ya watu bure. Alisi alijua yote hayo kuliko yeye, mpaka bei ya kitanda, na hakuwa amemwambia. Kemigisha alikuwa amemwomba, na yeye, aliyekwisha kutoa siri moja uani mbele ya wote, alikuwa amechoka kutoa ya pili. Alifunga pembe za shuka mbili mbili. Aliacha upande wake wa kabati wazi ili asisahau kitu, akaenda jikoni kugawa vyombo.

Havikuwa vingi. Alichukua sahani moja na kikombe kimoja, akaacha sahani moja na kikombe kimoja. Kisu alikiacha. Sufuria ilikuwa moja tu, na aliishika muda mrefu, maana aliinunua yeye, kwa vifungo vya shule nzima. Mwishowe aliirudisha juu ya jiko. Kule alikokuwa anakwenda kulikuwa na shemeji na mabinti wa kumpikia, na Semu hakuwa na mtu.